Mwimbaji Aliyepotea kwenye Waya

"Fundi, spika zimekufa." Mteja mwenye laptopu isiyotoa sauti huanza hivyo, na mara nyingi ameshashauriana na jirani, na jirani ameshamwelekeza duka linalouza spika mpya. Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya ufundi Kariakoo, spika zilizokufa kweli nimezikuta chache. Zaidi nimekuta sauti iliyozuiwa mahali fulani njiani. Kabla wimbo haujafika sikioni, unapita kwenye programu inayoucheza, ambayo ina kidhibiti chake cha sauti. Unapita kwenye mfumo wa kompyuta, nao una chake. Unafika kwenye kadi ya sauti yenye vidhibiti vingi kuliko mtu anavyodhani, kisha tundu la hedifoni linaamua uende kwenye spika au uende masikioni. Maji yakikatika nyumbani, bomba la jikoni halikuambii kama koki iliyofungwa ni ya jikoni, ya kwenye mita au ya mtaani. Unaona bomba kavu, basi.

Swali ninaloanza nalo mimi ni "sauti imeishia wapi?" na nililipata kabla sijawahi kushika kompyuta. Nilianzia kwenye redio, nikiwa kijana, chini ya mzee mmoja ambaye banda lake lilijaa redio za betri, deki za kaseti na amplifaya za kumbi. Sisi vijana tulikuwa na haraka ya kulehemu. Yeye hakuwa nayo.

"Shikamoo Mzee. Hii nimeona kapasita imevimba, nibadilishe?"

"Marahaba. Iweke chini kwanza. Umeisikiliza?"

Kusikiliza kwake kulikuwa hivi: alifungua kava, akawasha redio, akaongeza sauti hadi mwisho, kisha akashika bisibisi kwenye chuma chake na kugusa mguu wa katikati wa volyumu. Spika ikitoa mvumo, alijua kuanzia pale kwenda mbele kote kuko sawa, na ugonjwa uko nyuma, upande wa kunasa stesheni. Spika ikikaa kimya, aligeukia upande wa amplifaya. Mvumo wenyewe hautoki kwenye redio. Mwili wa binadamu hunasa umeme wa nyaya za nyumba, ambao kwetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na bisibisi inaupeleka ndani. Volyumu aliichagua kwa sababu ndiyo iko katikati ya safari: nyuma yake stesheni inanaswa na kuchujwa, mbele yake sauti inakuzwa na kusukumwa hadi spika. Mguso mmoja, na nusu ya redio imeondolewa kwenye kesi. Alifanya hivyo kwa redio za betri tu. Zilizochomekwa ukutani alitupiga marufuku kuzigusa namna hiyo, na kijana aliyekaidi alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilipohamia kwenye kompyuta nilikuta mafundi wengi wakitibu kila kimya kwa dawa moja: kupiga Windows upya. Ni dawa mbaya. Inakula nusu siku, picha za harusi za watu zinapotea, na ubaya wake mkubwa ni kwamba wakati mwingine inafanya kazi. Mipangilio yote inarudi ilivyokuwa kiwandani, sauti inarudi nayo, na fundi anaondoka akiamini amefukuza kirusi wakati kilichokuwepo ni kidhibiti kimoja kilichoshushwa hadi sifuri.

Kwenye Windows, tangu toleo la Vista lililotoka mwaka 2007, kila programu inayotoa sauti ina mstari wake kwenye miksa. Ukibofya kwa kitufe cha kulia alama ya spika iliyo chini ya kioo, utaiona. Nimeletewa laptopu ambazo kivinjari chake ni bubu lakini filamu zinasikika vizuri. Mtu alishusha mstari wa kivinjari siku moja akiwa ofisini, akasahau, na kompyuta haikusahau. Jambo kama hilo halihitaji bisibisi. Nawauliza wateja, "Kila kitu ni kimya, au baadhi tu?" na jibu lao linanipunguzia nusu ya kazi, kama halijaimaliza yote.

Lakini mahali nilipojifunza kuzitazama hatua zenyewe ni kwenye Linux. Miaka ile sidii za Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, zilikuwa zikitumwa bure kwa posta kutoka ng'ambo, katika mpango ulioitwa ShipIt ambao ulifungwa mwaka 2011. Unajaza fomu kwenye intaneti kafe, unasubiri wiki kadhaa, bahasha inafika kwenye sanduku la posta. Tuliziweka kwenye mashine za zamani zilizokuwa zimechoshwa na virusi. Mashine zilifufuka, zikawa nyepesi, na nyingi zikawa bubu.

Sababu ina historia yake. Katika miaka ya tisini Linux ilitumia mfumo wa sauti ulioitwa OSS, ulioanzishwa na Hannu Savolainen wa Ufini. Kwenye kadi nyingi za wakati ule programu moja ikishika kadi, nyingine zilisubiri. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki akaanza kazi ya ALSA, ambayo iliingia rasmi kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, ya 2.6 mwishoni mwa 2003. ALSA inaijua kadi ya sauti kwa undani, chaneli moja moja. Juu yake akaja Lennart Poettering na PulseAudio, iliyochanganya sauti za programu zote na kukumbuka kila moja inapaswa kuwa na nguvu kiasi gani. Ubuntu ikaipokea kwenye toleo la 8.04, Aprili 2008, kabla haijapoa vizuri, na hicho ndicho kipindi ambacho meza yangu ilijaa. Sasa kuna PipeWire ya Wim Taymans; Fedora, Linux nyingine, iliikabidhi kazi ya sauti mwaka 2021 na Ubuntu ikafuata kwenye toleo la 22.10. Kila tabaka lilikuja kuondoa kero ya kweli, na kila moja likaleta vidhibiti vyake. Yaliyotangulia hayakuondoka yote: PipeWire bado inaongea na kadi kupitia ALSA.

Ukiandika alsamixer kwenye terminali, unaona kadi ilivyo uchi: nguzo zimepangwa mstari, Master, PCM, Headphone, Speaker, na nyingine kulingana na mashine. Chini ya kila nguzo kuna kisanduku kidogo. Kikiandikwa 00, mlango uko wazi. Kikiandikwa MM, umefungwa, hata kama nguzo yenyewe imefika juu kabisa. Kinachofungua ni kitufe cha herufi M. ALSA kwa asili yake huanza na chaneli zikiwa zimefungwa, kazi ya kuzifungua ikaachiwa mfumo unaowekwa juu yake, na mfumo usipoitambua kadi vizuri, Master inafunguliwa na Speaker inasahaulika. Mteja anaona alama ya sauti imejaa, asilimia mia. Hajadanganywa. Anachotazama ni mlango mmoja.

Hapo pia ndipo penye F6, kitufe cha kuchagua kadi, na watu hushangaa kusikia laptopu yao ina kadi zaidi ya moja. Mara nyingi kuna ile ya spika na hedifoni, na nyingine ya HDMI inayopeleka sauti kwenye runinga. Kijana mmoja aliniletea laptopu iliyonyamaza "yenyewe tu". Nikamuuliza mara ya mwisho alipoisikia alikuwa anafanya nini. "Tulikuwa tunaangalia mpira, bro. Tuliiunga kwenye tivii ya shemeji." Mpira uliisha, waya ukachomolewa, lakini sauti iliendelea kupelekwa kwa shemeji. Swali la "ulikuwa unafanya nini" naliamini kuliko ripoti yoyote ya kompyuta kwamba kifaa kinafanya kazi ipasavyo. Ripoti hiyo inamaanisha draiva imeongea na chipu ikajibiwa. Haisemi lolote kuhusu kama kuna mtu aliyesikia kitu.

Na bisibisi ya Mzee je? Nayo ipo, ila imebadilika umbo. Kuna programu inayoitwa pavucontrol, ambayo chini ya kila wimbo unaopigwa na chini ya kila kifaa cha kutolea sauti ina mstari unaocheza kufuata nguvu ya sauti. Mstari wa programu ukicheza, sauti imetoka kwenye programu. Mstari wa kifaa ukicheza na spika ziko kimya, sauti imefika mlangoni mwa kadi, kwa hiyo niache kuhangaika na kivinjari na niende alsamixer au kwenye tundu la hedifoni. Na kuna amri ya speaker-test, inayoweza kutoa kelele kwanza upande wa kushoto kisha wa kulia, ambayo unaweza kuielekeza kwenye kadi moja kwa moja bila kupita kwa PulseAudio. Kelele ikisikika, kuanzia kadi hadi spika kuko sawa. Tunarudi nyuma.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kililetwa na mama mmoja mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ya kwangu haijanyamaza. Mwimbaji ndiye ameondoka."

Kinanda kilisikika, ngoma zilisikika, magitaa yalisikika pembeni. Sauti za waimbaji zilikuwa zimepotea, umebaki mwangwi wao kwa mbali. Mwanawe alikuwa ameshapiga Windows upya na hali haikubadilika. Mtu mwingine kule nyumbani alikuwa ameanza kutaja mambo ya jini. Nikamwomba anipe hedifoni alizotumia. Zilikuwa zile zilizokuja na simu, zenye maiki na kitufe kwenye waya.

Plagi ya hedifoni ya kawaida ina sehemu tatu: kushoto, kulia, na ya ardhi inayorudisha umeme wa pande zote mbili. Zile za simu zina sehemu nne kwa sababu ya maiki. Plagi ya sehemu nne ikiingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa sehemu tatu, mguso wa ardhi unaweza kuangukia pete ya maiki, na ardhi yenyewe ikabaki haijashika kitu. Umeme wa kushoto unakosa pa kurudi, unapita kwenye kidude cha sikio la kushoto, kisha cha kulia, na masikio yanasikia tofauti kati ya pande hizo mbili. Studio humweka mwimbaji katikati, yaani humpeleka sawasawa kushoto na kulia. Toa kimoja kwa kingine, unapata sifuri. Magitaa yaliyowekwa pembeni yanabaki. Mwangwi unabaki kwa sababu pande mbili za mwangwi hazifanani. Mwimbaji anafutika kwa hesabu tupu.

"Mama, bonyeza hapa kwenye kitufe cha maiki, usiachie." Akabonyeza, kwaya ikarudi nzima. Akaachia, wakaondoka. Kitufe kile kinaunganisha maiki na ardhi, hivyo kikishikwa ardhi inapata njia ya kupitia. Alirudia kubonyeza na kuachia, akicheka, mpaka wateja wengine wakasogea kusikiliza. Nikaivuta plagi nje kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, waimbaji wakakaa. Hiyo haikuwa tiba. Tiba ilikuwa hedifoni za plagi ya sehemu tatu, na aliziona dukani jirani siku hiyo hiyo.

Elimu ile niliikuta tena kwenye kumbi za harusi. Laptopu inaungwa kwenye miksa kubwa, wimbo wa kuwaingiza maharusi unaanza, ala zinanguruma, mwimbaji hayupo. Waya uliotumika una plagi ndogo upande mmoja na plagi nene moja upande wa pili, na ile nene imechomekwa kwenye tundu la miksa linalotegemea nyaya mbili zenye ishara zinazopingana. Tundu la namna hiyo, kwa kazi yake, hutoa tofauti kati ya nyaya hizo mbili ili kufuta kelele zilizonaswa njiani. Likipewa kushoto na kulia za laptopu, linamhesabu mwimbaji kuwa kelele na kumfuta. Waya sahihi ni wenye plagi mbili nene, kila upande na chaneli yake. Usipokuwepo na maharusi wako mlangoni, fungua mipangilio ya sauti ya laptopu, usukume balansi yote upande wa kushoto. Upande wa kulia unakuwa sifuri, hakuna cha kutoa, mwimbaji anarudi. Ala zilizowekwa kulia tupu zitapungua, lakini hakuna shangazi atakayelalamikia gitaa.

Kumbi zina ugonjwa mwingine: watu wanapandisha sauti ndani ya laptopu kupita mia. PulseAudio inaruhusu, na kwenye pavucontrol mstari unafika asilimia 153. Nguvu hiyo ya ziada haitoki kwenye kadi, ni kuzidisha namba tu. Kwenye sauti ya biti 16 namba kubwa kabisa ya upande wa juu ni 32,767, na wimbo wa kisasa tayari unakaribia pale studio ilipouacha. Ukizidisha, vilele vinakatwa bapa, na kilichokatwa huwezi kukirudisha hata kama miksa ya ukumbini ni ya gharama gani. Laptopu ikae mia au chini yake kidogo, wimbo wenyewe ukiwa na nguvu, kisha gaini ya miksa ipandishwe taratibu. Asilimia zaidi ya mia nazitumia kwa rekodi za mahojiano zilizonong'onwa, basi.

Na mvumo. Laptopu ikiwa kwenye chaja inavuma, ukichomoa chaja kimya kinarudi. Chaja na miksa zinafika kwenye ardhi kwa njia mbili tofauti, na umeme mdogo unazunguka kupitia waya wa sauti. Kwa shughuli fupi, betri inatosha. Kwa wanaofanya kazi hiyo kila wiki, kuna visanduku vidogo vyenye transfoma ndani vinavyopitisha sauti bila kuunganisha ardhi. Nisichokubali ni kukata pini ya juu ya plagi, ambayo nimeiona imekatwa kwenye vifaa vya watu wanaojiita wataalamu. Pini ile ipo ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita kwa MC aliyeshika maiki ya chuma. Ni nchi hii hii ambayo watu huchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, kwa hiyo nashangaa kidogo tu.

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa na mikutano ikahamia kwenye kompyuta, malalamiko yalibadilika. Hedifoni za bluetooth zilipiga muziki vizuri, mkutano ukianza tu kila mtu akasikika yuko ndani ya pipa. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki, yenye ubora na isiyobeba maiki, na nyingine ya simu, inayobeba maiki lakini kwa sauti finyu. Programu ya mkutano ikiomba maiki ya hedifoni, mfumo unahamia njia ya simu. Niliwaambia wachague maiki ya laptopu yenyewe na kuziacha hedifoni kwa kusikilizia tu. Hakuna kilichonunuliwa, na baadhi yao walionekana kukosa raha kwa hilo.

Tundu la hedifoni la laptopu linastahili lawama zaidi kuliko linavyopewa. Kwenye kadi za kizazi cha HD Audio, kiwango cha Intel cha mwaka 2004, swichi ndogo ndani ya tundu huunganisha rezista, na chipu ikiiona inaamini kuna plagi, hivyo inanyamazisha spika. Vumbi na unyevunyevu wa Dar es Salaam vinaweza kuiacha swichi hiyo imeshika daima. Spika nzima, mlango wazi, mstari unacheza, kimya. Kwanza nachomeka na kuchomoa plagi mara nyingi haraka. Kisha spiriti kidogo kwenye pamba nyembamba, laptopu ikiwa imezimwa. Ikishindikana, kwenye alsamixer ya mashine nyingi kuna Auto-Mute Mode. Ikiwekwa Disabled, spika zinaacha kusikiliza maoni ya tundu.

Zipo ambazo chipu ya sauti imeungua kweli. Orodha ya vifaa inaonyesha Dummy Output, yaani mfumo haukupata kadi ukabuni moja ya uongo, na hata ukiwasha mashine kwa mfumo mwingine kutoka kwenye flashi hali ni ile ile. Hapo sishauri kufungua bodi kuu. Kadi ndogo ya sauti ya USB, isiyozidi kidole gumba, inafanya kazi yote kwa bei ndogo, na Linux huitambua bila draiva ya kutafuta. Nikishaichomeka naizima ile ya ndani, kama bado inajitokeza, ili mfumo usije ukairudia baada ya kuwashwa upya. Kisha namwomba mteja apige wimbo wake mwenyewe, sio wangu. Anaujua kila kona yake, na kama kuna kitu kimepungua yeye ndiye atakayekisikia kwanza.